Nilimpeleka Shosho Kuonja Waini

Kwanza tukubaliane na jina. Kanisani inaitwa divai. Kwa taarifa ya habari ya saa moja inaitwa mvinyo. Mimi na marafiki zangu tunasema waini na maisha yanaendelea. Shosho yangu, ambaye ana miaka 84 na anaishi hapa chini ya mlima Longonot, anaiita ndibei, vile iko kwa Biblia ya Kikuyu. Na hakuwa ameionja hata siku moja. Shosho ni Mkatoliki. Parokiani kwetu padre ndiye hunywa divai, sisi wengine tunapewa mkate. Kwa hivyo kila Jumapili, tangu akiwa msichana, ameona kikombe kikiinuliwa, kikishushwa, kikapanguzwa, basi.

Hiyo ndiyo sababu niliyompa. Nilimwambia, "Shosho, twende uonje kile padre anakunywa." Akacheka mpaka akashika mlango.

Sababu ya kweli ilikuwa kontenti. Nyinyi mnaonifuata mnajua. Ile video yake akila piza huku akiuliza nyama imefichwa wapi ndiyo ilifanya wengi wenu mnijue. Nikasikia kuna mahali karibu na ziwa Naivasha, nyumba ya mlowezi ya zamani imefanyiwa ukarabati, wameweka chumba cha kuonja waini na mistari michache ya mizabibu nje. Nikaona kabisa video itakavyokuwa. Shosho, glasi ndefu, sura imekunjamana. Nilikuwa tayari hata na maneno ya kuweka juu ya picha.

Sitataja jina la hiyo nyumba. Hili si tangazo, na pia si kesi.

Tulipanda matatu ya asubuhi kutoka Longonot hadi Naivasha mjini, halafu nikalipa teksi. Shosho alikuwa amevaa nguo ya kanisa, kitambaa kichwani, na ile koti yake ya bluu ambayo hutoka tu Krismasi na matanga. Njiani alikuwa akiongea na dereva kuhusu bei ya viazi. Tulipoacha lami na kuingia kwa njia yenye migunga pande zote mbili, akanyamaza. Halafu akanigusa goti.

"Mume wangu," akasema. Ananiita hivyo kwa sababu nimepewa jina la guka, marehemu bwana yake. "Huku ni kwa kaburu."

Shosho humwita kaburu mlowezi yeyote. Nikamuuliza, umewahi kufika huku? Akasema, "Baba yangu alikuwa mchonga mawe hapa. Mimi nilikuwa naleta maziwa jikoni."

Wasee, nimekaa na huyu mama miaka 26. Nilijua alizaliwa kwa shamba la mzungu. Nilijua mwaka wa 1953, wakati wa hali ya hatari, Wakikuyu wengi walitimuliwa kutoka mashamba ya Bonde la Ufa, na familia yake ikapakiwa kwa lori na kupelekwa rizavu huko Kiambu, mahali yeye hakuwa amewahi kukanyaga. Nilijua kwamba baada ya uhuru walirudi na kununua kipande kupitia kampuni ya kununua mashamba, ndiyo hicho tunakaa. Lakini sikuwahi kuuliza shamba lenyewe lilikuwa gani. Nilikuwa nimemuuliza kuhusu piza.

Mlangoni kulikuwa na dada mmoja na kitabu cha majina. Akanikaribisha vizuri sana. Halafu akamwangalia shosho, akaniuliza kwa sauti ya chini kama huyu mama amekuja kuona mtu wa jikoni, kwa sababu mlango wa wafanyakazi uko nyuma. Sidhani alikuwa na ubaya. Nadhani alikuwa hajawahi kuona mama wa koti la bluu akiingia pale mbele. Nikamwambia tumelipa watu wawili. Akaomba msamaha mara tatu, na shosho akampa mkono kama kwamba hakusikia. Alisikia. Baadaye aliniambia, "Mlango wa nyuma naujua vizuri. Huu ndio sijui."

Kwa bei, kuonja ilikuwa shilingi 2,500 kwa kila mtu. Shosho alifanya hesabu yake: kuku wawili wa kienyeji na nusu. Akaniuliza hiyo nusu tutaipeleka wapi.

Sasa nyumba yenyewe. Siwezi kudanganya, ni safi. Kuta za mawe ya kijivu, mabati mapya ya rangi ya kijani, sakafu ya mbao za mtarakwa zimepigwa vanishi mpaka unaona miguu yako. Mahali pa kuotea moto pangetosha kulala ng'ombe. Waliorekebisha hawakubahatisha. Nyumba kama hii bila biashara ingekuwa imeanguka, na mabati yake yangekuwa kwa choo cha mtu. Mnajua vile nyumba nyingi za walowezi huku zimeisha. Kwa hivyo mtu aliyeweka pesa yake hapo, mimi nampa heshima yake.

Kijana aliyetuhudumia ni wa Karagita, tukaelewana haraka. Alikuwa anajua kazi yake. Alitueleza kwamba kule Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, na huo usingizi ndio huupanga mwaka wake. Hapa kwetu, karibu na ikweta, hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anauambia lini uamke, kwa makasi: unaupogoa, unachipua. Ukiuendesha vizuri unaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, kama wanavyofanya wenzetu wa Dodoma, ambao wako mbele yetu sana kwa zabibu. Kinachosaidia Naivasha ni kuwa juu, karibu mita 1,900, usiku unakuwa baridi na zabibu hazipotezi ule uchachu wake. Na udongo ni majivu ya volkano. Longonot na ndugu zake walitema hiyo mbolea kabla mtu yeyote hajaja kupima mashamba.

Halafu akaleta chupa ya kwanza, nyeupe, Sauvignon Blanc ya Leleshwa, ile waini inayotoka shamba la Morendat hapa Naivasha, ya kampuni ya Kenya Nut, wale wa makadamia. Shosho aliposikia jina akaweka glasi chini.

"Leleshwa? Si ile ya makaa?"

Kijana wa Karagita akacheka mpaka wageni wa meza nyingine wakageuka. Ni kweli, leleshwa ni kile kichaka cha majani ya kijivu kimejaa kuanzia Mai Mahiu hadi mteremko wa mlima. Wamaasai huweka majani yake kwapani kama manukato. Sisi tumechoma makaa yake mpaka milima imebaki na upara. Shosho alipikia watoto saba kwa makaa ya leleshwa. Na sasa ilikuwa imekuja kwake kwa glasi.

Tukafundishwa: angalia rangi, zungusha, nusa, onja kidogo, halafu ukitaka teme kwa hiki chombo. Shosho alifanya yote mpaka hapo kwa kutema. "Kitu cha shambani hakitemwi," akasema, akameza. Akakaa kidogo. Tukamngoja wote, hata wale wa meza ya pili.

"Ni kama limau iliyosoma," akasema.

Hapo ndipo nilitoa simu. Na hapo ndipo shosho aliniambia, kwa Kikuyu na kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nivunje dirisha la jirani, "Zima hiyo." Nikazima. Sikuelewa kwa nini, kwa sababu piza hakukataa.

Nilielewa nusu saa baadaye, tulipozungushwa nyumba.

Kwa ukumbi kuna picha za zamani ukutani, zimewekwa kwa fremu nzuri. Moja ni ya 1949. Mbele ameketi mwenye nyumba na bibi yake, na mbwa wawili wakubwa miguuni. Nyuma yao wamesimama wanaume saba Waafrika, wengine na kanzu nyeupe, mmoja ameshika farasi. Chini kuna karatasi ya maelezo. Jina la mzungu liko, na cheo chake cha jeshi. Jina la bibi yake liko. Majina ya mbwa yako, wote wawili. Halafu imeandikwa "na wafanyakazi".

Nilisoma mara mbili nikidhani kuna mstari nimeruka.

Shosho hasomi Kiingereza, lakini hakuhitaji. Alikuwa amesogea karibu na kioo mpaka pumzi yake ikaweka ukungu. Akaweka kidole kwa mwanaume wa pili kutoka kushoto, akasema jina lake. Alikuwa mpishi, na ndiye alikuwa akipokea maziwa kutoka kwake kwa mlango wa nyuma, na siku zingine alimpa maganda ya mkate. Kidole kikahama kwa yule wa farasi. Jina lake pia akalisema, na jina la mke wake, na kwamba mwaka wa 1953 walipanda lori moja na wao. Wengine watano hakuwakumbuka. Nikamuuliza, baba yako ni nani hapa? Akaangalia tena, polepole, mmoja mmoja.

"Hayuko. Wachonga mawe hawakuitwa kwa picha."

Kijana wa Karagita alikuwa amesimama nyuma yetu. Nikamuuliza, wewe ukizungusha wageni huwa unasema nani alijenga hii nyumba? Akataja jina la mzungu. Nikamwambia hapana, nauliza nani *alijenga*. Akafikiria. Akasema kwa ile karatasi aliyopewa akariri, hiyo haiko. Halafu akafanya kitu ambacho mimi, mjukuu, sikuwa nimefanya kwa miaka 26. Akavuta kiti, akamkalisha shosho, akachukua kalamu, akamuuliza, "Shosho, mawe yalikuwa yanatoka wapi?"

Na shosho akaongea. Aliongea kuhusu nyundo na tindo, na vile baba yake alirudi jioni akiwa mweupe kwa vumbi mpaka watoto wanamwogopa. Aliongea kuhusu mikokoteni ya ng'ombe. Alieleza jinsi baba yake hakuwahi kuona hiki chumba tulichokaa, kwa sababu akimaliza ukuta kazi yake inaisha nje. Wageni walikuja mmoja mmoja na glasi zao wakasimama. Hakuna aliyerekodi. Kijana aliandika pande mbili za karatasi.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na simu mfukoni, na nikaelewa "zima hiyo" ilikuwa nini. Nilikuwa nimemleta awe kwenye picha. Sura ya kuchekesha, jina lisilohitajika, "mimi na shosho". Tofauti yangu na aliyeandika ile karatasi ya 1949 ni kwamba mimi nampenda. Lakini maelezo ya chini yangefanana.

Najua kuna wenye watasema nimetafuta siasa kwa chupa ya waini. Ngoja niwaambie kitu niliona Jumatatu nikirudi Nairobi.

Ukitoka Longonot ukapita Mai Mahiu, ukianza kupanda ule mlima wa kwenda Limuru, kuna kanisa dogo la mawe kando ya barabara. Wengi mmelipita mkiwa mmelala kwa matatu. Lilijengwa mwaka wa 1942 na wafungwa wa vita, Waitaliano waliotekwa Ethiopia na Somalia, wakaletwa hapa kutengeneza hiyo barabara. Nimelipita labda mara mia tatu. Jumatatu hiyo nilimwambia makanga anishushe.

Nilisimama pale na nikagundua kitu kimoja. Huku kwetu majengo karibu yote ya zamani yanaitwa kwa jina la mwenye pesa. Njoro kuna ngome ya Lord Egerton, iliyoanza kujengwa 1938 na ikaisha 1954. Kila mtu anajua alivyoijenga kwa sababu ya mwanamke na alivyokataza wanawake kukanyaga. Hakuna anayekuambia nani alipanga hayo mawe miaka yote hiyo. Lakini hili kanisa, ukimuuliza dereva yeyote wa barabara hii, atakuambia ni kanisa la Waitaliano. Hamtaji mkubwa wa kambi, wala gavana. Anataja wafungwa. Watu ambao walikuwa hawana hata uhuru wa kutoka hapo, wamebaki na jina lao juu ya kazi yao miaka zaidi ya 80.

Kwa hivyo inawezekana. Kumbe jengo linaweza kuitwa kwa mikono iliyolijenga na lisianguke.

Sidai mtu arudishiwe nyumba. Sidai pia waini ishuke bei, ingawa siku moja kwa mwezi ya watu wa karibu haingeua biashara. Ninachosema ni kidogo kuliko hapo. Kama unarekebisha nyumba ya miaka ya thelathini, umetafuta fundi wa mbao, umetafuta vyuma vya dirisha vilivyofanana na vya zamani, umetafuta hata picha. Basi tafuta pia wazee. Wako. Wanakaa kilomita chache kutoka hapo, kwa mashamba ya ekari mbili, na hawahitaji kulipwa tiketi ya ndege. Shida ni kwamba wako na miaka 84. Kila mwaka tukienda matanga tunazika majina matano ya picha kama hiyo. Mabati yanaweza kungoja, lakini hao watu hawana huo muda.

Na sisi wa simu, tunaosema tunaonyesha dunia nyumbani kwetu, hatuna haki ya kucheka. Ulizeni shosho zenu kabla ya kuwasha kamera. Mimi nilipata bahati kwa sababu njia ya migunga ilimkumbusha. Tungeenda mahali pengine, ningepata video nzuri na nisingejua babu yake baba yangu alikuwa nani.

Niliandikia wenye nyumba barua pepe, kwa heshima, nikaweka yale majina mawili na maelezo ya shosho. Bado hawajajibu. Lakini kijana wa Karagita alinipigia simu wiki jana. Anasema akifika kwa ile picha sasa anawataja mpishi na mtu wa farasi kwa majina, na wageni huuliza maswali mengi hapo kuliko kwa chupa. Na kuna mzee mmoja alikuja na familia yake kutoka Gilgil akasema wa tano kutoka kushoto anaweza kuwa mjomba wake. Wanangoja aulize dada yake.

Wengi mmeniuliza kama shosho alipenda waini. Nyeupe hapana. Nyekundu alisema inafaa mgonjwa. Ya rangi ya waridi aliimaliza, na yangu pia. Tukiwa kwa teksi alinieleza kwamba hakuna jipya pale, kwamba wazee wa zamani pia walikuwa na chumba cha kuonja. Muratina ikiiva, ile ya asali, mzee anaonja kwanza, anamwaga kidogo chini kwa waliotangulia, ndipo wengine wanapewa. Wanawake na vijana hawakuwa kwa orodha. "Hata huko sikualikwa," akasema.

Kabla hatujatoka nilimwona akipita kando ya nyumba, upande wa nyuma, nikamfuata nikidhani anatafuta choo. Alikuwa amesimama kwa mlango wa jikoni. Kwa glasi yake kulikuwa kumebaki kidogo. Aliangalia huku na huku kama mtoto anayeiba sukari, akamwaga hayo matone chini ya ukuta, kwa mawe, akasema jina la baba yake.

Lile jina sitaliandika hapa. Nimemuuliza, akasema kwanza nilipeleke kule liandikwe ukutani, halafu ndiyo niliweke kwa simu.